Andikeni maneno kwenye dashibodi
Juzi nikielekea Masaka, kabla sijafika Lukaya, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Mchoro kama chungu kisicho na mfuniko, ndani yake alama ya mshangao. Nikaegesha kando, nikafungua boneti, nikapima oili, nikatazama maji ya rejeta. Vyote sawa. Kitabu cha gari ni Kijapani kitupu, maana gari lenyewe lilitoka Japani likiwa limeshatumika, kama mengi tunayoendesha hapa Uganda. Fundi wa pale ndiye aliyeniambia: upepo wa tairi umepungua. Tairi! Si wangeandika TAIRI tu, herufi tano?

Inaniudhi kweli. Najua michoro hii ina kiwango chake cha kimataifa, ISO 2575, ili gari liuzwe kote bila kutafsiri chochote. Kwa kiwanda ni nafuu. Lakini ile taa nyekundu ya oili, birika linalodondosha tone, inakutaka uzime injini papo hapo. Asiyeijua anasonga kilomita chache tu, injini imekwisha. Magari ya skrini yanaweza kuandika maneno. Basi yaandike, na lugha tuchague wenyewe.