Uzi wa Mkonge na Kazi ya Seli Iliyokufa

Anayetoka Tanga mjini kwenda Muheza hupita katikati ya mashamba ya mkonge, na penye korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, hukuta singa (nyuzi za mkonge) zimeanikwa kwenye nyaya, nyama ya jani ikiwa imekwisha kupondwa na kusombwa na maji. Kilichosombwa ndicho kilichokuwa hai. Kilichobaki, kinachosokotwa kamba na kupelekwa bandarini, ni seli zilizokwisha kufa wakati jani lenyewe lilikuwa bado limesimama shambani.

Nilisoma sekondari katika mji huu huu wa Tanga, na kuhusu kifo cha seli niliandika daftarini sentensi moja tu: seli hufa zinapozeeka au zinapoumia. Sentensi hiyo si ya uongo, lakini naona inamnyima mwanafunzi nusu ya somo, kwa kuwa inakifanya kifo kuwa ajali inayoikuta seli iliyomaliza kazi, ilhali mara nyingine kazi huanza pale seli inapokufa.

Tuutazame uzi wenyewe. Seli yake huanza kama seli nyingine yoyote changa ya jani, ikiwa na jeni zile zile, kwani seli haibobei kwa kupewa maagizo mapya bali kwa kusoma baadhi ya jeni zake na kuziacha nyingine zimefungwa. Ile itakayokuwa ya kijani hutengeneza klorofili. Ile itakayokuwa uzi hurefuka hadi milimita 3 hivi, hujijengea ukuta mnene wa selulosi na lignini, vitu vinavyoupa mmea uimara, kisha hufa na kuuacha ukuta usimame. Seli moja ya namna hiyo haifungi hata mzigo wa kuni. Zikilala sambamba kwa makumi na kugandana, na nyingine zikapokea pale hizi zinapoishia, hupatikana uzi wa karibu mita nzima, na hapo ndipo neno tishu, yaani kundi la seli zinazofanya kazi pamoja, linapopata maana ambayo ubao haukuwahi kunipa.

Mwili wa binadamu nao haufanyi tofauti sana. Seli nyekundu ya damu hukitoa kiini chake ili ipate nafasi ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, na kwa kuwa baada ya hapo haiwezi kujikarabati, huishi siku 120 hivi. Seli za juu ya ngozi hujaa keratini, protini ngumu kama ya kucha, hufa, na ndipo zinapotukinga (sisi tunaooga baharini Raskazone tunazitegemea kuliko tunavyodhani). Kiganja cha mtoto aliye tumboni huanza kama kasia, na vidole hutengana kwa sababu seli zilizo kati yake hufa. Kwa bata, nyingi za seli hizo husalia, naye akapata mguu wa kuogelea. Sydney Brenner, John Sulston na Robert Horvitz walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi iliyohusu mnyoo mdogo ambaye katika kukua kwake hutengeneza seli 1,090, na 131 kati ya hizo hufa, zile zile kwa kila mnyoo.

Kifo cha namna hii si kile cha mkono uliomwagikiwa uji wa moto. Seli iliyoungua huvimba, hupasuka na kuwasha jirani zake. Iliyopangiwa kufa hunywea, hujigawa vipande vilivyofungwa vizuri, na seli nyingine huvimeza bila uvimbe wala maumivu. Mwanafunzi asiyeijua tofauti hii hataielewa saratani, kwa sababu atadhani ni ugonjwa wa seli kuzaana tu, wakati sehemu kubwa ya tatizo ni seli zinazokataa kufa zilipoamriwa.

Ndiyo maana naona ajabu kwamba shule za Tanga huchora seli ubaoni na kuupita mkonge dirishani. Singa chache huokotwa bure chini ya nyaya za kuanikia. Zikilowekwa na kuchanwa kwa sindano, darubini ya kawaida ya shule inatosha kumwonyesha mtoto ukuta mnene na, katikati yake, tundu jembamba lililo tupu, mahali seli ilipokuwa.