Siti ya Nyuma Kabisa ya Pijo

Nikiwa mtoto, safari ya Nakuru hadi Nairobi ilikuwa ni Pijo 504, yaani Peugeot ya Ufaransa, stesheni wagoni, siti ya nyuma kabisa. Mama amenipakata, magoti yake yamebana kiti cha mbele, na gari la watu saba limejazwa kumi na kitu. Pamoja na kubanana huko, nililala. Likiingia kwenye shimo lilizama polepole, likainuka polepole, na usingizi ukaendelea.

Ulaini ule ulikuwa umepangwa na watu miaka mingi kabla sijazaliwa, na ndiyo sababu naona uzinduzi wa magari ya familia siku hizi unatuonyesha upande usiofaa.

Peugeot walikuwa na 404 tangu 1960, gari lililokuwa limeshajipatia heshima huku kwetu: Bert Shankland wa Tanzania alishinda nalo mbio za magari za Safari Rally mwaka 1966 na 1967. Mrithi wake, 504, hakuwa na nafasi ya kuwa dhaifu. Bodi ilichorwa na Pininfarina, wabunifu wa magari wa Italia, injini ikawa ya lita 1.8, na kwenye saluni, yaani lile la kawaida lenye buti, kila gurudumu la nyuma likapewa uhuru wa kupanda na kushuka peke yake. Gari lilikuwa litambulishwe Juni 1968, lakini migomo ya Mei iliyotikisa Ufaransa nzima ikasogeza shughuli hadi Septemba. Mwaka uliofuata likatangazwa Gari la Mwaka barani Ulaya.

Lakini mimi napenda zaidi kilichofanyika kwenye wagoni, iliyofuata 1970. Wangeweza kurefusha paa tu, waongeze siti, wauze. Hawakufanya hivyo. Walisogeza magurudumu ya nyuma mbali zaidi na ya mbele, wakaondoa ule mfumo wa saluni, wakaweka ekseli nzima, mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili ya nyuma, yenye springi mbili kila upande. Yaani kuna mtu aliyekaa akawaza: baba, mama, watoto, nyanya, na magunia juu ya keria, barabara mbovu, itakuwaje? Huko ndiko kumheshimu abiria.

504 nayo ilishinda Safari, 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya milango miwili. Likaunganishwa Mombasa, likaunganishwa Kaduna kule Nigeria. Fundi wa mtaani kwetu alikuwa akifungua kabureta yake, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, juu ya gunia lililotandikwa chini ya mti, anapuliza vijitundu kwa mdomo, anarudisha, gari linawaka.

Gari ninaloendesha sasa nalo ni la familia. Lina skrini kubwa na siti saba. Taa moja ya dashibodi ikiwaka, fundi huyo huyo hawezi kunisaidia bila kompyuta, na wanangu wawili wanaokaa nyuma hutapika kabla hatujafika Gilgil, kwa sababu siti ile iliwekwa ili ihesabiwe, wala hakuna aliyeijali. Hilo linaniuma kila tunapokwenda kumwona nyanya yao.

Kwa hiyo nikialikwa tena kwenye uzinduzi, skrini nitaipita. Nitainama nichungulie ekseli ya nyuma, kisha niombe kuzungushwa kwenye barabara ya vumbi, nimekaa siti ya mwisho.