Sensa za upepo za mtumba kwa pikapu: hesabu iko kwenye betri

Taa ya upepo kwenye dashibodi ikimeta kwa dakika moja hivi kisha ikabaki imewaka, tairi zenyewe huenda hazina kosa. Mara nyingi maana yake ni kwamba gari haipati taarifa kutoka kwa sensa, yaani kifaa kidogo kilicho ndani ya tairi kwenye valvu, kinachopima upepo na kuutangaza kwa redio. Marekani ililazimisha mfumo huu kwa magari mepesi yote mapya tangu Septemba 2007, na pikapu za huko zinapofika Unguja au Pemba zimeshazeeka. Betri ya sensa huishi miaka 5 hadi 10, nayo imezikwa ndani ya gundi ngumu; haibadilishwi.

Wanaotetea mtumba wana hoja ya kweli. Sensa ya kiwandani iliyotolewa kwenye gari ya aina ileile hukaa barabara kwenye ringi, pembe ya valvu inalingana, na kompyuta ya gari inaielewa. Mpya za bei poa zisizo na jina haziaminiki hivyo. Kama moja tu imevunjwa wakati wa kufungua tairi na tatu zilizobaki bado changa, mtumba una maana.

Tatizo ni kwamba uhai wa betri hauonekani kwa macho. Kifaa cha kuamshia sensa husoma namba yake, upepo, joto na hali ya betri, ila vingi huonyesha nzuri au dhaifu tu, bila kusema imebaki miezi mingapi. Shahidi bora ni tarehe iliyochapwa kwenye sensa. Ikizidi miaka 4, iacheni. Kufungua tairi, kuifunga na kufanya balansi hulipiwa sawa kwa sensa mpya na kuukuu, na betri ikifa mwakani mtalipa yote upya.

Masafa ya redio ya sensa nayo huwakosesha wengi. Nyingi za Marekani ni MHz 315, za Ulaya ni MHz 433, na kwa sura hutazitofautisha. Pikapu iliyonunuliwa Dubai yaweza kuwa asili yake Marekani, basi soma namba iliyo kwenye sensa ya zamani kabla ya kulipa. Ulizia pia usajili: baadhi ya gari hujifunza sensa zikiendeshwa, lakini Toyota nyingi hutaka namba ziingizwe kwa mashine ya kupimia gari. Fundi asiyekuwa nayo hatakufaa.

Kwetu visiwani chumvi ndiyo adui mkubwa zaidi. Pikapu inayobeba mwani mbichi Paje au Jambiani hurudishwa nyuma hadi mchangani, na valvu ya alumini huliwa taratibu mpaka nati inagandana nayo. Sensa ya mtumba yenye unga mweupe shingoni ikataeni hata ikisoma vizuri. Mkifunga, wekeni raba na nati mpya, na sindano ya ndani iliyopakwa nikeli. Ya shaba tupu huharakisha kutu ya alumini. Mashine ya kubania tairi iwekwe mbali na valvu. Dawa ya kuziba pancha msiitie, huweza kuziba tundu la sensa.

Kwa seti nzima ya 4 tunashauri mpya za kuprogramu, zifungwe siku ya kubadilisha tairi. Zinaweza kunakili namba za zamani zikiwa bado zinasomeka, na gari isihitaji kufundishwa. Mpaka hapo, pimeni kwa geji asubuhi kabla gari haijatembea, mkifuata kibandiko cha fremu ya mlango. Tairi za nyuma zina kipimo chao gari ikiwa na mzigo.