Maji ya mchicha tunayomwaga

Juzi nilikaa na shangazi jikoni akiandaa mchicha. Aliukatakata kwanza, akauosha, akauchemsha karibu nusu saa na kijiko cha magadi, kisha akaukamua kwa mikono miwili. Maji ya kijani yakaingia kwenye karo. Iliyobaki akaiunga kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi.

Wanaosema mboga za majani zisipikwe sana wangeumia wakiyaona yale maji, na mimi niliumia. Vitamini C haivumilii moto mrefu, nayo pamoja na foleti, vitamini ya kundi B ambayo mjamzito anaihitaji sana, huyeyuka kwenye maji. Majani yakikatwa kabla ya kuoshwa, upotevu huanzia kwenye beseni. Magadi ndiyo yanayozidisha hasara: yanalainisha na kuhifadhi rangi, lakini yanaharibu vitamini C na tiamini, yaani vitamini B1.

Hata hivyo, siwezi kukubali kwamba mboga mbichi ndiyo bora siku zote. Karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, imefungiwa ndani ya seli za jani. Moto huzilegeza seli hizo, na mafuta huisaidia karotini kufyonzwa tumboni. Kwa hiyo shangazi alipomimina tui alifanya jambo la maana sana, na karanga zingefaa vilevile. Hata nyanya ikipikwa kwa mafuta, rangi yake nyekundu hufyonzwa vizuri kuliko ikiliwa mbichi kwenye kachumbari.

Na kisamvu je? Hapo hakuna mjadala. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kuyatwanga kwenye kinu huvunja seli na kuifungua sumu hiyo, na kuyachemsha muda mrefu sufuria ikiwa wazi huiondoa. Anayepunguza muda wa kisamvu ili kuokoa vitamini anahatarisha walaji. Mchicha nao una oksaleti, kemikali ya asili inayozuia kalsiamu isifyonzwe na inayochangia mawe ya figo. Kwa mtu aliyewahi kupata mawe kwenye figo, kumwaga maji kuna faida. Moto pia huua vijidudu kwenye mboga zilizomwagiliwa maji machafu, ingawa madini ya risasi yanayoweza kuwamo kwenye maji hayo hayatoki kwa kuchemshwa.

Kosa letu, naona, ni kuupika mchicha kama kisamvu. Kwa mlaji asiye na tatizo la figo, uoshwe ukiwa mzima, ukatwe, uingie kwenye kitunguu na nyanya zilizokwisha kuiva, ufunikwe dakika chache kwa maji yake wenyewe, kisha tui.

Shangazi alinisikiliza, akauliza: “Na bibi yako asiye na meno?” Swali la haki, maana magadi yaliingia kwenye sufuria ile kwa ajili yake. Jioni iliyofuata tuliukata mwembamba kama uzi, bila magadi. Bibi alimaliza sahani, mchuzi wote akaufuta kwa ugali.