Chai ya Maua Niliyowanywesha Wana Kikoba

Najua mmeshapata habari. Katibu wetu ana laini tatu na zote zina bando, kwa hiyo tangu Jumapili jioni jina langu limeshapanda pantoni kwenda Kigamboni, limekunywa dafu, limerudi. Kuna toleo linasema watu sita walianguka. Uongo. Aliyeanguka hayupo. Waliojilaza ni wawili, na mmoja wao ni mtu ambaye hata kwenye sherehe ya kumtoa mtoto nje alijilaza. Kuna toleo jingine linasema nilitaka kuwamaliza wenzangu nibaki na sanduku. Jamani, sanduku la kikoba lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti! Ningelifungua na nini, meno?

Basi nasimulia mwenyewe, maadamu ulimi umesharudi.

Mnakumbuka mwezi uliopita nilivyowachosha humu na habari za kamomili. Usingizi ulinigomea, mtu mmoja akanishauri ninywe chai ya kamomili kabla ya kulala, nikaenda kununua boksi moja la vijipakiti ishirini. Bei yake niliisoma mara mbili nikidhani wamekosea sifuri. Lakini ile chai ni tamu, nisiseme uongo. Ina harufu kama ya tofaa, rangi ya asali nyepesi, ukiinywa taratibu taa imezimwa unajisikia kama mtu ambaye hana mkopo. Nikalala siku nne mfululizo. Siku ya tano nikapasua kijipakiti kimoja nione kuna nini ndani: vumbi la manjano na nyuzinyuzi nyeupe. Nikaingia mtandaoni nikaona picha ya ua lenyewe, manjano katikati, petali nyeupe pembeni. Hapo ndipo nilipohitimu. Kuanzia siku hiyo nikawa mtaalamu wa kamomili, nawasahihisha watu ambao hawajaniuliza.

Sasa, mume wangu ni mtu wa Mbeya, kule milimani Umalila. Mimi ni wa Tanga. Kwetu maua niliyoyajua ni asumini na kilua. Hili mliweke akilini, ni utetezi wangu.

Wiki tatu zilizopita shangazi yake akatutumia mzigo kwa basi. Nikaufuata stendi ya Magufuli kule Mbezi: viazi gunia, maharage debe moja, maparachichi, na mfuko wa kaki umefungwa kwa kamba ya mgomba. Shangazi akatuma na sauti WhatsApp. Ya dakika saba. Nilisikiliza mbili za mwanzo, salamu zilikuwa hazijaisha, bado yuko kwa jirani aliyevunjika mguu. Nikamjibu “Asante sana shangazi yetu, Mungu akubariki,” na maua mawili ya emoji.

Nikafungua mfuko. Ndani, maua makavu. Manjano katikati, petali nyeupe pembeni zimejikunja. Mfuko mzima! Nikapiga chafya saba. Nikasema hilo ni vumbi la safari, kutoka Mbeya hadi Dar si mchezo. Nikaketi pale jikoni nikapiga hesabu: ule mfuko ungetoa vijipakiti mia ngapi, kwa bei ile ya dukani? Nikamshukuru Mungu aliyenipa ukoo wa Mbeya. Mfuko nikaupandisha juu kabatini kama dhahabu, maharage nikayamimina kwenye ndoo nikafunika.

Jumapili ilikuwa zamu yangu kupokea kikao. Wana kikoba tumezoea chai ya maziwa na chapati, mambo yanaisha. Lakini mimi mhitimu, ningewapaje watu maziwa? Nikatangaza kwenye kundi tangu Ijumaa: “Jumapili kwangu hakuna majani. Tutakunywa kitu cha afya.” Katibu akajibu kwa kidole gumba. Kile kidole sasa kimekuwa ushahidi.

Nikachota viganja viwili vya maua, nikatia kwenye sufuria ya lita tano, nikachemsha robo saa nzima ili dawa itoke. Mume wangu akapita anaelekea kuangalia mpira kwa jirani, akasimama mlangoni, akanusa. “Mbona humu ndani panatoa harufu ya ghala la nyumbani?” Nikamwambia mambo ya afya hayajui, aende kwenye mpira wake. Akaenda. Angeuliza swali moja zaidi tu, leo nisingekuwa naandika.

Dalili nilipewa, wapendwa. Nilipochuja, nzi mmoja alitua kwenye makapi, akatembea hatua mbili, akageuka chali, miguu juu. Nikamfuta kwa kitambaa nikasema nzi wa siku hizi hawana nguvu. Halafu wale sisimizi wa jikoni kwangu, ambao hufika kwenye sukari kabla ya mgeni, siku hiyo hawakuonekana hata mmoja. Nikaona baraka.

Nikatoa vikombe vya kioo, vile vya kabatini ambavyo hata wakwe hawajavigusa. Nikamimina. Rangi ilikuwa ya kijani kibichi kimechoka. Nikaweka asali pembeni, nikapita kwa kila mtu mkono kifuani, nikisimulia jinsi kamomili inavyotuliza mwili.

Hapa niacheni niende polepole, maana ndipo panapouma.

Mwenyekiti wetu ni mama mtu mzima, amelelewa. Akapiga funda, akafumba macho, akameza. Akakaa kidogo. “Ina ukali wake,” akasema. Nikamwambia, “Ndiyo dawa yenyewe hiyo, mama.” Kwa heshima akamaliza kikombe, na mimi, kwa ujinga, nikamwongeza. Wengine walipoona mwenyekiti kaongezwa nao wakakaza. Mimi nilikuwa nimeshakunywa changu chote jikoni nikionja asali. Ulimi ulikuwa unachonyota, nikadhani niliuunguza.

Mweka Hazina akasimama kusoma hisa. Huyu dada ana sauti ya mtangazaji wa redio, akisema “hisa” unaisikia mpaka barabarani. Akafungua daftari. “Hitha tha leo,” akasema. Akanyamaza. Akarudia: “Hitha. Tha. Leo.” Akajishika mdomo. Watu wakacheka, wakidhani anaigiza mtu mwenye kithembe. Katibu akacheka kuliko wote, halafu katikati ya kicheko akajigusa mdomo wa chini, akaubinya, akaubinya tena. Akanigeukia. “Shoga, mbona mdomo wangu siusikii?”

Nikajaribu kumjibu nikagundua na mimi wangu siusikii.

Sebule ikawa kimya. Watu kumi na wawili wanajibinya midomo. Mama mmoja alikuwa anajipiga ulimi kwa kijiko kama anayepima joto. Na mimi, badala ya kusema jamani kuna tatizo, unajua nilisema nini? Nilisema, “Ndivyo inavyoanza kutuliza.” (Wewe unayecheka hapo, nakuona.)

Ndipo simu ikaita. Shangazi wa Mbeya. Mtu mwenye akili angetoka nje. Mimi nikaweka spika, ili watu wasikie asili ya dawa kutoka kwa mkulima mwenyewe.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu, hamjambo huko? Nauliza tu, yale maua yamekufaa?”

“Yamefaa sana shangazi! Hapa ninapoongea niko na wageni, tunakunywa.”

Kimya. Nikasikia kuku wa kwake wakilia kule Umalila, waziwazi, kuku wa mbali kabisa.

“Mnakunywa nini, mwanangu?”

“Hayo maua, shangazi. Nimeyachemsha.”

Kimya tena. Kirefu. Mwenyekiti akaweka kikombe mezani taratibu, kikalia *ting*. Mpaka leo naisikia ile ting.

“Mwanangu,” shangazi akasema, na sauti yake ikawa ndogo, “hiyo ni pareto. Nimekuwekea uyasage uchanganye na maharage, kuzuia fukusi.”

Fukusi! Kwa spika. Mbele ya katibu mwenye laini tatu. Katika hao watu kumi na wawili, mmoja amekulia Njombe, akasimama wima: “Pareto? Hii si ndiyo dawa ya kuua wadudu?” Nilitamani niingie chini ya meza, ila meza yangu ni ya kioo.

Kilichofuata tukimalize haraka. Kelele. Wawili wakajilaza, nimeshawataja. Mume wangu akaitwa, akafika mbio, akaokota ua moja kwenye chujio, akalinusa, akakaa chini akacheka mpaka tukamtafutia bajaji sisi wenyewe. Bajaji nne. Zahanati ya mtaani, mganga akauliza kila mtu kanywa vikombe vingapi, mwenyekiti akasema viwili huku ananiangalia mimi. Akatuweka pale tumepangana kwenye benchi kama wanafunzi waliochelewa, akatupima mapigo na pumzi, saa mbili. Nesi kila akipita alikuwa anaficha uso kwa faili. Ganzi ikaisha, hakuna aliyezidiwa, tukaruhusiwa. Akaniambia hata kama sumu yake kwa mwanadamu si kali kama kwa mdudu, pareto si kinywaji. Nikasema nimeelewa. Akarudia. Nikasema nimeelewa, daktari.

Kikao kikamalizikia uani kwa zahanati. Wakatafuta kifungu cha kunipiga faini. Wamesoma katiba nzima: kuna kuchelewa, kuna kutukana, kuna kuja na mtoto mkubwa. Kunywesha wenzako dawa ya wadudu haimo. Mwishowe nikatozwa 2,000 kwa kosa la simu kuita wakati wa kikao. Mweka Hazina aliiandika kwa furaha, na “s” zote zilikuwa zimesharudi.

Jumatatu nikaenda Kariakoo kwa muuza viungo, nikanunua kamomili ya kweli, mzee yule anaiita babunaji, anasema yake inatoka Misri. Nikarudi nikaweka maua mawili mezani, moja la kila aina, nikachukua wembe. Mimi sasa sikubali tena kitu bila wembe. Kamomili ni dogo, kichwa chake kimechongoka kama kofia, ukilipasua katikati ndani ni tupu, kuna uwazi. Na linanukia tofaa, kama nilivyosema. Pareto ni pana, bapa kama kifungo cha koti, ndani limejaa, na harufu yake ni ile ya ghala aliyoisema mume wangu. Havifanani! Mtoto wa chekechea angeviona. Na yule mzee akanipa somo jingine ambalo sikumwomba: kamomili haichemshwi robo saa. Unaweka kijiko kimoja cha chai cha maua kwenye kikombe, unamimina maji yaliyochemka, unafunika ili harufu isikimbie na mvuke, unasubiri dakika kama kumi, unachuja. Kwa hiyo hata ningekuwa na ua sahihi, bado ningeliharibu.

Jana usiku nikajitengenezea kikombe kimoja, peke yangu, mlango umefungwa. Kitamu. Lakini usingizi haukuja haraka, maana nilikuwa nimeamua kusikiliza ile sauti ya shangazi mpaka mwisho. Dakika nne nzima salamu, na jirani na mguu wake. Dakika ya tano na sekunde kumi, sauti safi kabisa, hana hata mafua: “Na hayo maua kwenye kaki ni pareto, mwanangu, usichelewe kuchanganya, maharage ya mwaka huu wadudu wanayapenda sana.”

Nikashuka kitandani, nikaenda jikoni na tochi ya simu, nikafunua ndoo.

Wamo. Wamejaa. Mmoja alikuwa amepanda juu ya mfuniko, ananiangalia.