Kisia roboti ya wapinzani, lakini anza na rula

Kila Januari, mchezo mpya wa FIRST Robotics Competition, mashindano ya roboti zinazojengwa na timu za vijana wa sekondari, ukishatangazwa, karakana yetu hapa Houston hugawanyika. Wapo wanaochora roboti yetu, na wapo wanaotaka kujua timu fulani inajenga nini. Walezi wenzangu huwarudisha hao wa pili kwenye bisibisi zao: "Shughulikeni na ya kwenu!" Mimi nawatetea, tena kwa moyo wote. Kukisia roboti ya mwenzako kabla hujaiona ni somo kamili la uhandisi, mradi kila anayekisia aseme amejuaje.

Niliyaamini haya kabisa msimu wa 2020, mchezo wa Infinite Recharge, ambamo roboti zilirusha mipira langoni. Uwanja ulikuwa na vichochoro viwili vyenye paa la chini, na roboti iliyozidi inchi 28, yaani sentimita 71, haikuweza kupita humo. Sheria ziliruhusu roboti ifike hadi sentimita 114. Hapo kila timu ilikuwa na uamuzi mgumu. Ukijenga fupi, unakatiza chini ya paa na mipira yako mitano bila kusumbuliwa. Ukijenga ndefu, unapata nafasi zaidi ya mitambo na unarushia mipira juu zaidi kuelekea lango lililo karibu mita mbili na nusu kutoka sakafuni, lakini unalazimika kupita katikati, wanakokusubiri wapinzani.

Katikati ya msimu timu moja hodari ilitoa picha ya kuwasha hamu: kona ya roboti, bampa (ule ukingo wa mbao na sponji unaoizunguka roboti), bamba la alumini lenye matundu, basi. Vijana wetu wakaanza kubishana, na hoja kubwa ilikuwa jina la timu: hawa ni mabingwa, lazima watajenga ndefu. Binti mmoja, ambaye wazazi wake walitoka Bukavu, hakusema kitu. Alichukua kipande cha karatasi, akakibandika kwenye skrini ya kompyuta, akatia alama mbili za penseli, chini na juu ya bampa. Kisha akakisogeza karatasi taratibu kutoka sakafuni kwenda juu, huku akihesabu.

"Anko, kitabu cha sheria kinasema mbao ya bampa ni inchi tano," akaniambia. "Tukishajua bampa, tunajua roboti yote."

Alipata kimo cha bampa tano na kidogo. Picha ilikuwa imepigwa ubavuni, sawasawa, kwa hiyo vipimo havikupinda sana. Inchi 27 hivi. Roboti ile ilikuwa inapita chini ya paa.

Nikamwambia aandike. Tuna daftari la makisio, na kila kisio lina sehemu tatu: unadhani nini, umeona nini, na sisi tubadilishe nini. Hiyo ya tatu ndiyo inayowachosha vijana, na ndiyo ninayoing'ang'ania. Yeye aliandika kwamba roboti fupi hurusha mpira kutoka chini, hivyo roboti ndefu ikiisimamia mbele inaweza kuuzuia. Nusu saa baadaye tulikuwa tunazungumzia ulinzi, jambo ambalo hatukuwa tumeligusa tangu Januari.

Sikatai kwamba mchezo huu una hatari zake. Mwaka 2018, siku ambazo sheria bado zilitutaka tuifunge roboti ndani ya mfuko wa plastiki baada ya wiki sita, timu yetu ilisikia fununu kuhusu roboti ya wapinzani. Tukaubomoa mtambo wetu wa kuinulia katika wiki ya nne, tukajenga mwingine, na ukaingia kwenye mfuko kabla haujainua hata boksi moja. Niliumia, kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa umeshaanza kufanya kazi na vijana walikuwa wameutolea jasho. Tangu hapo msimamo wangu ni kwamba kisio linaweza kubadilisha namna tutakavyocheza, lakini halivunji kilichokwisha kujengwa.

Wapo wanaoona kukisia ni upelelezi, kwamba kunachafua ule ungwana aliotufundisha Woodie Flowers, profesa aliyesaidia kuanzisha mashindano haya. Sioni hivyo. Katika mashindano haya roboti tatu hucheza dhidi ya tatu, na kwenye mechi za awali za kufuzu ratiba ndiyo inayopanga nani acheze na nani. Mpinzani wa asubuhi ni mwenzako wa mchana. Aliyekwisha kuifikiria roboti ya jirani kwa makini anajua amwachie njia ipi na amsaidie wapi. Mimi naona hiyo ni heshima kwa kazi ya mtu.

Na ile roboti? Machi 12, 2020 msimu ulisimamishwa kwa sababu ya korona, hatukukutana nayo uwanjani. Lakini wenyewe walikuwa wameshatoa video. Ilipita chini ya paa kwa nafasi ya vidole viwili, na binti yule aliruka kwa furaha. Kisha tukaona mtambo wake wa kurushia unageuka kushoto na kulia. Yeye alikuwa ameandika kwamba haugeuki; ule mnyororo wa kubebea nyaya uliochungulia pembeni mwa picha alidhani ni wa mkono ambao roboti hujiinulia mwishoni mwa mechi, kumbe ulikuwa wa mtambo huo unaogeuka.

Alirudi kwenye daftari, akatia vema kwenye kisio la kwanza na mkasi kwenye la pili. Chini yake akaandika kwa kalamu nyekundu: "Nyaya: fuata kwanza zinakokwenda."