Si damu inayotisha

Nimesoma orodha ya filamu za kutisha ambayo mwandishi wake amezipanga kwa wingi wa damu, na hapo sikubaliani naye hata kidogo. Kwangu ya kwanza ni Jaws ya 1975, ya Steven Spielberg, filamu ya samaki papa anayeshambulia watu baharini. Papa wa bandia aliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, ikabidi wapige picha nyingi bila yeye: unaona mapipa ya njano aliyofungiwa papa yanavutwa juu ya maji, unasikia muziki wa John Williams, sauti mbili tu zinazorudiwa na kuzidi kukaza mwendo. Papa mwenyewe anachelewa sana kuonekana. Hiyo ndiyo hofu! Sisi wa Ujiji tunaielewa haraka. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na papa hamna, lakini baada ya kuitazama kwenye banda la video, vijana wakubwa kabisa walikuwa wanaoga kwa kuchota na ndoo ufukweni. The Blair Witch Project ya 1999 nayo, mchawi haonekani mwanzo hadi mwisho. Damu nyingi inatia kinyaa tu. Na madijei wanaotafsiri filamu kwa kuongea juu yake, jamani, penye ukimya waache ukimya, wakiongea pale wanaua filamu nzima.